Mnyama wa kuliwa: haki yake kati ya zizi na bucha

Kinoo

Kila Idi na kila Desemba mjadala ule ule hurudi: je, ni haki kumwua mnyama ili tumle? Mla nyama hujibu kwa maandiko, asiyekula hujibu kwa huruma, na uzi unafika ukurasa wa kumi kabla mbuzi mwenyewe hajatajwa. Safari hii tuanze na yeye.

Mbuzi wengi wa Kiamaiko, soko la mbuzi la Nairobi, wanatoka kaskazini: Marsabit, Moyale, Isiolo, Garissa. Moyale mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 700. Mnyama anasimama ndani ya lori bila maji, sakafu imelowa mkojo na kinyesi, na breki ikishikwa kundi zima linarundikana mbele. Aliyeanguka hainuki tena kwa sababu wenzake wanamkanyaga. Ndiyo maana utaona vijana wamekaa juu ya vyuma vya lori na fimbo mkononi, kazi yao kuwainua walioanguka. Ukimwaga mchanga au majani makavu sakafuni, na ukaligawa lori kwa vizuizi viwili au vitatu, fimbo haina kazi. Fimbo ni dawa ya lori lililopakiwa vibaya.

Akishushwa, apate maji hapo hapo na apumzike, saa 24 kwa waliotoka mbali. Chakula kinaondolewa saa 12 hivi kabla ya kuchinjwa ili tumbo lisipasuke na kuchafua nyama. Maji hayaondolewi. Hapo ndipo pana vuta nikuvute, kwa sababu mwenye mbuzi anaona kilo zikiyeyuka kila saa anayokaa zizini, naye anataka auze asubuhi hiyo hiyo.

Msimamo wangu, mnipinge mkitaka: aliyemtesa mnyama siku mbili barabarani ana deni kubwa kuliko aliyemshikia kisu sekunde kumi. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, imetaja kumpiga, kumtisha, kumbebesha kupita kiasi na kumsafirisha kwa namna inayomtesa. Sheria ya miaka ya 1960 hiyo. Lakini wote tunabishana juu ya kisu.

BuchaKariokor

Lori huonekana kwenye nyama, Kinoo. Msuli wa mnyama aliyetulia una akiba ya sukari, glaikojeni. Akishakufa, sukari hiyo hugeuka kuwa asidi, na pH ya nyama, yaani kipimo cha asidi, inashuka kutoka karibu 7 hadi 5.5 au 5.7 ndani ya siku moja. Hiyo ndiyo nyama nyekundu ya kung'aa, inayolainika na kukaa. Aliyepigana, kukimbizwa au kushinda na njaa ameshaichoma akiba yake. pH inabaki juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi, kavu juu na inanatanata ukiishika, na inaharibika mapema. Mteja akiiona hudhani ng'ombe alikuwa mzee. Kumbe alikuwa kijana, ila alichanganywa zizini na madume asiyowajua, wakapigana usiku kucha.

DktMifugo

Nakubaliana na lori, lakini zile sekunde kumi tusizipite haraka, kwa sababu si kumi kwa kila mnyama.

Kisu kikikata vizuri, kinapita koromeo (njia ya pumzi), umio (njia ya chakula), na mishipa ya damu ya pande zote mbili za shingo: ile mikubwa inayopeleka damu kichwani na ile inayoirudisha. Kwa mbuzi na kondoo, karibu damu yote ya ubongo inapitia hapo. Presha inaanguka mara moja na fahamu hupotea ndani ya sekunde chache.

Ng'ombe ana njia ya ziada. Kuna mishipa inayopanda ndani ya pingili za shingo, ambayo kisu hakiifikii, nayo huendelea kupeleka damu ubongoni. Halafu kuna tatizo la pili ambalo wachinjaji wazuri wanalijua kwa macho ingawa hawana jina lake: ncha ya mshipa uliokatwa hujirudi ndani ya ala yake, hutuna kama puto, na damu huziba. Unaona mchirizi uliokuwa unaruka umegeuka kuwa wa kutiririka, na ng'ombe bado anajaribu kuinuka. Wengi huanguka ndani ya sekunde 20 hivi, lakini wapo wachache wanaopita dakika nzima. Ukikata juu zaidi, karibu na taya, kutuna huko kunapungua.

Kwa hiyo swali la maadili la mbuzi na la ng'ombe hayafanani, hata kama kisu ni kimoja na dua ni moja.

Ustadh_Majengo

Daktari, shukrani. Niongeze upande wa fiqhi kwa sababu watu huchanganya kiwango cha chini na kiwango cha wema.

Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani na hapa Majengo, cha lazima ni kukata koromeo na umio. Ile mishipa miwili, wadajaini, kuikata ni sunna. Wahanafi wanataka vitatu kati ya vinne. Wamaliki wanataka koromeo na mishipa yote miwili. Sasa mtu akisoma kiwango cha chini cha Shafi akaishia hapo, akakata pumzi na chakula akaacha mishipa, mnyama ni halali kwa kanuni lakini atakufa polepole kwa maelezo yako mwenyewe. Wanazuoni hawakuiita sunna ili iachwe. Hadithi ya Shaddad bin Aus iliyo katika Sahihi Muslim imeweka msingi: Mungu ameandika ihsani katika kila jambo, basi mkichinja chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Humo mmetoka makatazo yote ya kunoa kisu mbele ya mnyama, kumchinja mwenzake akiangalia, kumburuta kwa mguu, na kuanza kumchuna kabla roho haijatoka.

Na kisu hakipigwi mara moja kama shoka. Kinavutwa, kwenda na kurudi, bila kuinuliwa. Kikiinuliwa, jeraha linajifunga na mnyama anaumizwa mara mbili.

Kinoo

Hapo kwa kisu nishikilie kidogo. Urefu wa makali uwe angalau mara mbili ya upana wa shingo. Mbuzi, sentimita 20 mpaka 25. Ng'ombe, 35 na zaidi. Kisu kifupi kinamlazimisha mchinjaji kukata kama anayekeketa msumeno, na ncha inachimba ndani ya jeraha. Pitisha ukucha taratibu kwenye makali kuanzia mpini hadi ncha. Ukucha ukikwama popote, kuna pengo, na pengo hilo litachana badala ya kukata. Rudi kwenye kinoo. Chuma cha kunyoosha makali hakinoi, kinanyoosha tu makali yaliyolala. Nimeona watu wakikisugua robo saa kana kwamba kitaliondoa pengo.

Kosa lingine ni kumvuta mbuzi kichwa nyuma kupita kiasi. Shingo inyooshwe ikaze ngozi, basi. Ukiikunja kabisa, mishipa inasukumwa nyuma kuelekea mfupa na kisu kinaishia kwenye koromeo. Baada ya kukata, kichwa kiendelee kushikwa hivyo hivyo ili jeraha libaki wazi.

Fundi_Njiru

Ustadh, na bastola ya kumpoteza ng'ombe fahamu? Wengine wanasema ni haramu moja kwa moja, wengine wanasema ndiyo huruma yenyewe.

Ustadh_Majengo

Hoja inasimama juu ya jambo moja: je, mnyama yuko hai kisu kinapofika? Aliyekufa kwa kipigo kabla ya kisu ni kibudu, hakuna mjadala. Aliyezimia tu, ambaye angeachwa angeamka, wanazuoni wengi wameruhusu. Bastola ya msumari unaoingia ndani ya fuvu inatia shaka kwa sababu ubongo umeharibiwa, hata kama moyo bado unapiga. Ile yenye kichwa bapa, isiyotoboa, ina shaka ndogo zaidi. Wapo pia wasioruhusu hata hiyo, na wana haki ya kutokula.

DktMifugo

Kwa wanaoitumia, huwa inakosewa hapa. Chora mstari kutoka kila jicho kwenda kwenye shina la pembe ya upande wa pili. Inapokutana mistari ndipo pa kupiga, si katikati ya macho kama wengi wanavyodhani. Katikati ya macho ni uwazi wa ndani ya pua, ubongo uko juu zaidi. Mbuzi mwenye pembe hapigwi usoni, mfupa wake ni mnene. Anapigwa nyuma ya pembe, ukilenga kidevu.

Risasi zake zikipata unyevu zinapoteza nguvu. Bomba lisiposafishwa kila siku, masizi yanapunguza kasi ya msumari, na raba zikichakaa msumari haurudi sawasawa. Halafu watu husema mashine haifai na kurudia mchezo wa kisu cha kisogoni. Kile kisu cha kisogo ni udanganyifu mtupu. Ng'ombe anaanguka kwa sababu uti wa mgongo umekatwa na mwili umepooza, lakini ubongo uko macho kabisa. Amenyamazishwa, hajapumzishwa.

Ng'ombe aliyepoteza fahamu kweli anaanguka hapo hapo, hapumui kwa mpangilio, na ukigusa mboni ya jicho kope haichezi. Miguu kurusharusha si dalili ya maumivu. Msihukumu kwa miguu, angalieni jicho na pumzi. Kisu kifuate ndani ya dakika moja, na ikiwezekana sekunde 30.

Na kwa wanaosema kisu kikali hakiumi: mwaka 2009, nchini New Zealand, watafiti walipima mawimbi ya ubongo ya ndama waliopewa dawa kidogo ya usingizi, wakaona ishara za maumivu kwenye mkato wenyewe. Unaweza kuubishia upimaji ule, na wapo wanaoubishia, lakini si haki tena kusema jambo hili halijawahi kuchunguzwa.

MlaMboga_Parklands

Nimesoma yote kwa makini na nawaheshimu, lakini nyote mmejibu swali ambalo halikuulizwa. Mmeeleza namna ya kuua vizuri. Swali lilikuwa kwa nini tuue.

Ukali wa kisu unapunguza maumivu, haumpi mbuzi sababu ya kufa. Mtu anayeishi Nairobi ana ndengu, maharagwe, kunde, njugu, mbaazi, na sukuma mlangoni. Familia za Kijaini zimeishi mjini hapa vizazi kadhaa bila nyama wala samaki wala yai, na watoto wao wanakua. Yaani hitaji halipo, ila ladha na mazoea. Wachuuzi wa mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, wataniwia radhi.

KukuRuai

Dada, hoja yako ina nguvu, lakini hesabu yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Nizungumzie kuku tu.

Ng'ombe wa kienyeji mmoja hutoa nyama kilo 150 hivi pamoja na mifupa. Kuku wa broila anatoa kilo 1.2 mpaka 1.5. Aliyeacha nyama ya ng'ombe "kwa huruma" akahamia kuku ameua roho mia au zaidi badala ya moja, na kila moja imeishi siku 35 hadi 42 ndani ya banda lenye taa usiku. Akihamia omena (dagaa), kilo moja iliyokaushwa ina samaki zaidi ya elfu moja. Msiniambie samaki hasikii: tangu 2003 Lynne Sneddon na wenzake walionyesha vipokezi vya maumivu kwenye uso wa samaki aina ya trauti, jamaa ya hao waliopandikizwa mito ya Mlima Kenya.

Yai nalo lina damu yake. Kila kifaranga jike wa kutaga ana kaka. Kaka hatagi, na mbegu hiyo hainenepi, kwa hiyo huuawa siku ya kwanza au huuzwa kwa bei ya kutupa. Ujerumani ilipiga marufuku kuwaua tangu mwanzo wa 2022. Hapa kwetu hata mada hiyo haijafunguliwa. Chai ya maziwa ni hivyo hivyo: ng'ombe wa Limuru hakamuliwi bila kuzaa, na nusu ya anaowazaa ni madume ambao hakuna anayetaka kuwalisha.

MlaMboga_Parklands

Hilo la maziwa nalikubali bila kupepesa. Ndiyo maana wengine tumeacha na maziwa pia. Lakini umejibu kwamba kila mtu ana damu mikononi. Kuna tofauti ya ndoo na kijiko.

Kinoo

Kuna tofauti ya mahali pia. Broila anakula chakula cha kilo tatu na nusu hivi kufika uzito wa kilo mbili, na chakula chenyewe ni mahindi, soya na omena, vitu ambavyo binadamu angekula. Huyo sina la kumtetea nalo. Mbuzi wa Marsabit anakula majani ya mgunga kwenye ardhi isiyoota maharagwe hata ukiomba mvua kwa mabango. Ukimwambia mfugaji wa huko aache kuuza mbuzi ale ndengu, ndengu hizo zitapandwa Makueni, zitasafirishwa kwa lori, na atazinunua kwa pesa ipi? Kwa hiyo hoja yako, dada, inamfunga mtu wa Parklands kuliko inavyomfunga mtu wa North Horr, huko Marsabit. Nami niko karibu na Parklands, kwa hiyo inanifunga.

Mutura_Roysambu

Nimetajwa nimekuja. Swali: wale wanaomziba mbuzi pua na mdomo ili damu isimwagike? Mila hiyo ipo, na damu ndiyo mutura.

DktMifugo

Hewa ikizibwa, anabaki na fahamu muda mrefu kuliko aliyekatwa mishipa, na hewa chafu inayojaa kwenye damu ndiyo inayomtia hofu kubwa. Damu unaweza kuipata bila hayo. Mbuzi wa kilo 25 ana damu takriban asilimia 7 ya uzito wake, na ukichinja inatoka karibu nusu, kama lita moja pungufu kidogo. Nusu iliyobaki hukaa ndani ya viungo, iwe umeziba au umechinja. Weka sufuria safi chini ya shingo, tia chumvi, koroga kwa mkono au uma mpaka nyuzi zijikusanye, zitoe. Haigandi. Mutura itatoka.

Jiko_Zimmerman

Mimi si wa falsafa. Nikienda kununua kuku sokoni, nitajuaje aliuawa vibaya?

KukuRuai

Mtazame kabla na baada.

Kabla: amebebwaje? Kuku watatu kwa mguu mmoja mmoja, kichwa chini, mapaja yanateguka. Wa kutaga aliyestaafu ni mbaya zaidi, mifupa yake imekwisha kalisiamu kwa mayai, inavunjika kama njiti. Abebwe kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa.

Wakati: akate pande zote mbili za shingo chini ya taya, kichwa kisitoke, kisha amwingize kichwa chini ndani ya faneli. Haihitaji pesa. Mtungi wa lita tano ukikatwa chini, na mdomo ukipanuliwa kidogo, unatosha. Faneli inamzuia kupiga mabawa na kuyavunja. Asubiri dakika mbili kamili. Kosa kubwa la masoko yetu liko hapa: foleni ni ndefu, maji yanachemka, kuku anatumbukizwa sekunde 20 baada ya kisu akiwa bado anapumua.

Baada: kuku aliyetumbukizwa hai hujionyesha. Ngozi ya shingo na kifua inakuwa nyekundu kama aliyeungua, kwa sababu damu ilikuwa bado inazunguka ikakimbilia kwenye ngozi. Aliyetoka damu vizuri ni mweupe au wa manjano. Ncha za mabawa zenye damu ni dalili ya kupigapiga. Jeraha jekundu ni la leo, la zambarau ni la usiku uliopita, la kijani ni la jana, huko alikotoka.

Maji nayo yasichemke. Nyuzi 60, dakika moja. Yakizidi, ngozi inachanika na muuzaji anasema kuku ni mzee.

Jiko_Zimmerman

Na nikimwambia asubiri dakika mbili atanisikiliza?

BuchaKariokor

Analipwa kwa kichwa, dada yangu, si kwa dakika. Mchunaji wa ng'ombe vivyo hivyo. Mwambie kabla hajashika kisu kwamba utaongeza kitu kidogo na huna haraka, halafu usimame hapo hapo. Ukitoka kwenda kununua nyanya, amerudi kwenye mwendo wake.

Fundi_Njiru

Idi inakuja, tutachinja mbuzi wawili uani, nyumba ya kupanga. Nipeni mpango kamili.

Kinoo

Waleteni jana yake, si asubuhi hiyo. Wafungwe pamoja, mbuzi peke yake hulia usiku kucha. Maji yawepo. Chakula kiishe jioni.

Watu watatu wanatosha: mmoja kichwa, mmoja miguu, mmoja kisu. Watoto na simu zao wakae mbali, si kwa aibu, ni kwa sababu kelele zinamshtua mnyama. Wa pili afichwe nyuma ya ukuta au shuka mpaka wa kwanza ashushwe na damu imwagiwe maji, maana harufu anaijua. Alazwe ubavu wa kushoto, miguu mitatu ifungwe, mmoja wa nyuma uachwe huru. Msimkalie kifuani, anashindwa kupumua kabla ya wakati.

Mkishakata, msimguse dakika mbili mpaka tatu. Gusa mboni ya jicho. Kope ikicheza, ngoja. Isipocheza na kifua hakipandi, ndipo mchune.

Mwiteni mkaguzi wa nyama mapema, mumwekee maini, mapafu na kichwa pamoja bila kukata. Shimo la damu liwe mbali na tangi la maji la jirani.

Na kinoo kibaki nyumbani kwa Ustadh. Kisu kije kimeshanolewa, kimefunikwa kwa kitambaa.